Naomba ushauri: nimpeleke binti yangu kwenye ngoma za Bulabo?

Habari zenu wakuu. Mama yangu amekuja kututembelea, na anatamani sana twende wote Bujora, pale Kisesa, Mwanza, kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa 6, awaone tena Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya wachezaji, wakishindana kwa ngoma. Shida ni binti yangu wa miaka 5. Kanisani ngoma ikilia tu, anaziba masikio kwa viganja vyote viwili na kujificha kwenye kanga ya bibi yake. Sasa kule kuna umati, vumbi, na wachezaji wengine hubeba chatu! Kumwacha nyumbani roho inaniuma. Mliowahi kwenda na watoto, mlikaa upande gani? Na mama magoti yanamsumbua, nimbebee kiti toka Nyegezi?