Programu ya kuchora mnururisho wa antena inayokuamulia mambo kimyakimya

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nalia na programu za kuchora nguvu ya antena kila upande. Wiki nzima nimehangaika na dipoli ya nusu wimbi, antena ya waya yenye urefu wa nusu wimbi, ambayo kila anayeanza fani hii huanza nayo, kwa sababu programu niliyolipia leseni imeng'ang'ana kwamba kilele cha lobu kuu (upande ambako antena inarusha nguvu nyingi zaidi) ni 0 dB. Si inatakiwa 2.15 dBi, yaani desibeli ukilinganisha na antena ya kufikirika inayorusha sawasawa kila upande? Nikabomoa modeli. Nikaongeza vipande vya waya, nikabadilisha unene, nikahamisha sehemu ya kulishia. Kumbe programu iligawanya kila thamani kwa kilele chake bila kuniambia, kwa hiyo kilele lazima kiwe 0 dB, halafu pembeni ya grafu ikaandika kwa herufi nzito kuwa hiyo ni gaini, yaani ongezeko halisi la nguvu upande huo! Kitufe cha kuzima ujinga huo kimefichwa kwenye menyu ya rangi. Ya rangi, jamani.

Kwa hasira nikatoa namba, nikaenda kuchora Yagi (antena ya vijiti inayoelekea upande mmoja, kama zile za TV) kwenye programu nyingine. Huko nako, kwenye grafu ya duara, thamani hasi inarushwa upande wa pili wa kitovu. Basi lobu kuu yenye 0 dB ikasinyaa ikawa nukta katikati. Mgongo wa antena wenye −20 dB ukahamia mbele, umenenepa. Mashimo ya −40, yaani pande ambako antena hairushi karibu chochote, ndiyo yakawa marefu kuliko vyote. Dawa naijua: ongeza 40 kwa kila thamani, kinachobaki chini ya sifuri kifanye sifuri, kisha andika upya namba za miduara. Lakini desibeli hasi ni mkate wa kila siku wa kazi hii, kwa nini nikumbuke mimi kila mara?

Kilichonitoa machozi hasa ni rada. Bamba bapa la mita 1 kwa mita 1, masafa 10 GHz, rada moja inayotuma na kupokea. Kanuni ya ukubwa wa mwangwi wake kwa rada ni 4πA²/λ² (A ni eneo la bamba, λ ni urefu wa wimbi), unapata karibu 41 dBsm, yaani desibeli ukilinganisha na mita 1 ya mraba, likitazamwa uso kwa uso. Programu ikanipa hiyohiyo, nikafurahi. Nisijue kwamba hatua ya pembe imewekwa nyuzi 1 toka kiwandani, wakati shimo la kwanza liko nyuzi 0.86 tu kutoka kileleni! Lobu kuu yote ikaishia kuwa nukta moja. Nukta zilizofuata ziliangukia mabegani mwa lobu za pembeni, −17, −19, −21, halafu programu ikaziunganisha kwa mstari laini. Karibu na kilele nikaletewa kilima kizuri kinachoteremka, hakina shimo hata moja. Nilikiweka kwenye ripoti, nikakisifia mbele ya watu. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Mabonde yako wapi, kijana?"

(Na toleo la zamani la programu hiyo, likigeuza mita za mraba kuwa desibeli, lilikuwa linatumia 20 log badala ya 10 log, bamba langu lingesoma karibu 83. Tuyaache.)

Sikatai programu kuwa na chaguo zake. Nataka iandike kwenye mchoro wenyewe: hatua ya pembe, sakafu ya desibeli (thamani ya chini kabisa inayochorwa), kama imegawanya kwa kilele, na kama pembe inaanzia utosini au kwenye upeo wa macho. Mstari mmoja unatosha.

Niliwaandikia watengenezaji haya yote kwa adabu. Wamejibu upesi sana: nisasishe dreva ya kadi ya picha.