Naomba ushauri: makaburi ya familia yametokea tukichimba msingi

Habari zenu wakuu,

Mafundi wakichimba msingi kwenye kiwanja chetu cha urithi wamekuta mifupa na misumari ya jeneza. Wazee walikuwa wakisema ukoo ulizika upande huo, ila hakuna msalaba wala jiwe, na kila mzee anaonyesha sehemu yake.

Kazi tumesimamisha. Polisi wamekuja, wakasema mifupa ni ya zamani. Tumepiga picha, tumefunika kwa turubai na kuzungushia kamba. Mkandarasi anataka mifupa yote ikusanywe shimo moja aendelee. Hilo sisi hatukubali, afadhali ramani ya nyumba ibadilike.

Tulifikiria kukodi rada ya kupima chini ya ardhi, lakini udongo wetu ni wa mfinyanzi na najua humo mawimbi yake hayafiki mbali.

Sasa, kwa waliopitia haya: je, mtaalamu wa akiolojia akikwangua udongo wa juu kidogo kidogo, mipaka ya makaburi itaonekana bila kugusa mifupa? Na eneo hilo tuliandikishe vipi kwenye hati ili atakayenunua baadaye asilichimbe?