Kaka anarejea Ujiji kutoka Kitwe na vyombo vya nyumba nzima: kipi kinasamehewa ushuru na kipi hakisamehewi?

Binti Ujiji

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaandika kwa niaba ya kaka yangu mkubwa, ambaye ameishi Kitwe, nchini Zambia, kwa miaka 11 akiwa fundi katika karakana ya mitambo ya migodini. Mkataba wake unakwisha mwezi wa Agosti na ameamua kurudi nyumbani moja kwa moja yeye, mkewe na watoto watatu, kwani nyumba ya marehemu baba hapa Ujiji iko wazi. Mizigo italetwa kwa lori kupitia Nakonde na Tunduma, kisha Sumbawanga, Mpanda na Uvinza hadi Kigoma.

Vitu vyenyewe ni vitanda vinne na magodoro yake, makochi, friji, jiko la umeme, televisheni, vyombo vya jikoni, baiskeli mbili za watoto na masanduku ya nguo na vitabu. Wifi yangu ana cherehani moja ambayo ameitumia miaka yote, nyingine mbili mpya ambazo bado zimo ndani ya maboksi, pamoja na majora sita ya vitenge aliyoyanunua kwa nia ya kuanza kushona atakapofika huku. Kaka ana pia gari dogo aina ya Toyota, la mwaka 2012, injini ya cc 1,500, alilolinunua miezi saba iliyopita.

Jirani mmoja ametuambia kwamba Mtanzania anayerejea kwao halipi chochote kwa kuwa mali ni yake. Mwingine anasema kila kitu kitapigiwa hesabu, hata masufuria. Naomba mwenye kuifahamu sheria atueleze, maana kaka anataka kupanga fedha zake kabla hajaanza kufunga mizigo.

Mzee wa Mwanga

Binti yangu, salamu zimefika. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa muda mrefu, Tunduma kwanza na baadaye hapa bandarini Kigoma, na majirani zako wote wawili wamekosea, ingawa yule wa kwanza ndiye atakayemtia kaka yako hasara zaidi akimsikiliza.

Suala hili linaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na misamaha yenyewe imo katika Jedwali la Tano. Mtu anayehamisha makazi yake kwa dhati kutoka nje ya nchi wanachama, awe anakuja kwa mara ya kwanza au ni mkazi anayerejea, anaweza kuingiza bila ushuru mavazi yake, pamoja na vitu binafsi na vya nyumbani vya aina yoyote ambavyo alikuwa akivitumia kule alikokuwa akiishi. Nakuomba uyasome tena maneno ya mwisho, kwa sababu uzito wote uko hapo. Sheria haiulizi kama kitu ni cha Mtanzania. Inauliza kama kilikuwa kikitumika katika nyumba ile ya Kitwe. Vitanda, magodoro, makochi, friji, jiko, baiskeli na cherehani ya zamani ya wifi yako vinaingia humo bila taabu.

Cherehani mbili zilizomo ndani ya maboksi haziingii, kwa sababu hazijatumika katika nyumba yoyote, na afisa atakayeziona pamoja na majora ya vitenge atahitimisha, bila kukosea, kwamba hapa kuna biashara inayoanza. Vitenge navyo vina kizuizi cha peke yake: sheria inataja waziwazi kwamba vitambaa vya jora havimo katika msamaha wa mizigo ya abiria, kama ambavyo bidhaa za kuuza hazimo. Vitenge ambavyo wifi yako amekwisha kushona au anajifunga ni mavazi, na havina mjadala. Kwa majora na cherehani mpya, atunze risiti za dukani, avitangaze kando na vyombo vya nyumbani, alipe kinachostahili. Risiti zisipokuwepo, thamani itakadiriwa na afisa, na kwa uzoefu wangu makadirio hayo mara chache humpendeza mwenye mali.

Gari ndilo gumu. Msamaha unahusu gari moja tu, ambalo mhusika mwenye umri usiopungua miaka 18 amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje ya nchi wanachama kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu siku za safari ya mzigo baharini. Mabasi madogo yenye nafasi ya abiria zaidi ya 13 na magari ya mizigo yanayobeba zaidi ya tani mbili hayamo kabisa. Miezi saba si miezi 12, na hakuna barua ya mjumbe wala ya mwajiri itakayoziba pengo hilo.

Nifanye hesabu kwa mfano, ili kaka yako aone ukubwa wake. Tuseme Mamlaka ya Mapato imelithamini gari hilo kuwa shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500,000, na jumla inakuwa 12,500,000. Juu ya jumla hiyo unawekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000, yaani 625,000, na ule wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, yaani 3,750,000. Tumefika 16,875,000, ambayo nayo inatozwa VAT ya asilimia 18, yaani 3,037,500. Kodi hizo peke yake ni shilingi 9,912,500, kabla ya tozo ndogondogo na gharama za usajili. Viwango huguswa kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, kwa hiyo kabla ya safari aingie kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya TRA. Kwa maoni yangu, aliuze huko huko Kitwe, au asubiri miezi mitano ndipo familia ihame.

Jambo la mwisho kwa wanaosoma wakiwa Kigoma: msimlinganishe mtu huyu na ndugu zenu wanaotoka Burundi kupitia mpaka wa Manyovu. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka 2007 na Kongo ilijiunga mwaka 2022, lakini Zambia haimo, na kifungu ninachokieleza kinamhusu anayetoka nje ya nchi wanachama.

Mama Kanyenye, Tabora

Mzee ameeleza sheria vizuri, nami naomba niongeze yaliyonipata, kwa sababu msamaha niliupata lakini niliupata siku ya tatu.

Nilirejea Tabora kutoka Harare baada ya miaka tisa. Wakala niliyemwajiri aliandika orodha yangu kwa mistari minne tu, mmojawapo ukisema "vyombo vya jikoni, maboksi 14", nami nikaisaini bila kuisoma. Mpakani afisa aliuliza boksi la saba lina nini, na hakuna aliyejua, mimi wala wakala. Turubai likafunguliwa na lori zima likateremshwa. Afisa alitoa sufuria langu la ugali, lile lenye masizi hadi kwenye mshikio, akaliweka pembeni akisema kwamba hilo limejieleza lenyewe. Kisha akafungua boksi lenye glasi 24 zilizofungwa kwa magazeti, zikiwa bado na vibandiko vya bei, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, hizi ni za kunywea au za kuuza?" Zilikuwa zawadi za kuniaga kutoka kwa wanawake wa kanisani, lakini sikuwa na namna ya kulithibitisha hilo, nikazilipia.

Kwa hiyo kaka yako aandike orodha mwenyewe, boksi kwa boksi, kila boksi likiwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu nene pande mbili, na kwenye orodha aonyeshe kilichomo, kilinunuliwa lini na thamani yake kwa sasa. Friji, televisheni na cherehani ya zamani ziandikwe pamoja na namba zake za kiwandani. Atoe nakala nne au tano, kwani kila dirisha litataka yake. Zaidi ya orodha, abebe vithibitisho kwamba anahama kweli: barua ya mwajiri ya kumaliza mkataba, kibali chake cha kazi, mkataba wa nyumba aliyopanga, barua za uhamisho za watoto shuleni, na pasipoti za wote. Mimi barua ya shule ya mwanangu ndiyo iliyomaliza maswali yote, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

Kijana wa Gungu

Mnamtisha dada wa watu bure. Cherehani zitolewe kwenye maboksi, zipakwe vumbi kidogo na zilazwe katikati ya magodoro, na vitenge vikatwe vipande. Lori la vyombo vya nyumbani nani atalichambua kitu kimoja kimoja?

Mama Kanyenye, Tabora

Mwanangu, langu lilichambuliwa. Nimekwisha kueleza.

Mzee wa Mwanga

Kijana, ushauri huo uweke. Kutoa tamko la uongo kwa afisa wa forodha ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka mitatu, au kumtoza faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani, na mali yenyewe inaweza kutaifishwa. Hata tuliache hilo, fikiria hesabu ya kawaida tu: afisa akishagundua kitu kimoja kilichofichwa, ataacha kuamini orodha nzima, na vitanda ambavyo vingepita bila senti vitaanza kuulizwa risiti. Ushuru wa cherehani mbili ni mdogo kuliko gharama ya lori kulala Tunduma usiku mmoja.

Wala asifikirie kuliingiza gari kwa kibali cha muda halafu akalisahau uani. Kibali hicho ni kwa ajili ya wageni ambao gari lao litatoka tena.

Binti Ujiji

Nawashukuru sana, mzee wangu na mama yangu. Nimezungumza na kaka leo mchana. Amekubali kuliuza gari, ingawa kwa unyonge, kwa kuwa ndilo gari lake la kwanza. Yamebaki mambo mawili. Wifi na watoto wanataka kutangulia kwa basi mwezi Julai ili shule isiwapite, na lori litakuja na kaka mwishoni mwa Agosti, au hata Septemba. Je, msamaha utapotea kwa sababu mzigo haukuingia pamoja nao? La pili, katika vyombo hivyo kuna kabati na seti ya vyombo vya udongo vya marehemu mama yake wifi, ambaye aliishi nao Kitwe, na ambavyo wao wenyewe hawakuwa wakivitumia.

Mzee wa Mwanga

Hautapotea. Mzigo unaweza kufuata ndani ya siku 90 tangu abiria alipowasili, na Kamishna wa Forodha anaweza kuusogeza muda huo, usizidi siku 360 tangu kuwasili kwake, akiombwa kwa sababu ya msingi. Hata hivyo, ninashauri orodha na maombi yawe kwa jina la kaka yako, ambaye ataingia pamoja na lori, ili siku zake zianze kuhesabiwa hapo. Wifi yako akipita Tunduma mwezi Julai aseme wazi kwamba mzigo wa nyumba unafuata, na atunze karatasi yoyote atakayopewa.

Vitu vya marehemu vina kifungu chake katika jedwali hilo hilo: vitu binafsi vilivyotumika, vilivyokuwa mali ya marehemu na kurithiwa na yule anayeletewa, vinasamehewa kwa masharti ambayo Kamishna ataweka. Waje na cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi au ya ukoo inayotaja kabati na vyombo hivyo kwa majina, navyo viandikwe kwenye orodha mahali pake, visichanganywe na vya jikoni.

Ikitokea afisa akakataa jambo ambalo mnaamini ni haki yenu, msigombane naye dirishani. Ombeni uamuzi wake kwa maandishi, kisha ndani ya siku 30 mwandikieni Kamishna kuomba upitiwe upya. Naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo, ombi lenu linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Nimeona watu wakilipa kwa hasira na kuondoka, wasijue kwamba mlango huo upo.

Mama Kanyenye, Tabora

Nami nina dogo la wifi yako, mwanamke kwa mwanamke. Asifunge vitu kwa mifuko ya plastiki ya kubebea, kwani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Achunguze pia mafuta na sabuni zake za uso, kwa sababu vipodozi na sabuni zenye zebaki haziruhusiwi kuingia hata chupa moja. Mbegu za mboga na miche aiache, au aombe kwanza kibali cha afya ya mimea. Mimi niliacha mche wangu wa parachichi kwenye meza ya ukaguzi, na afisa aliniruhusu nibaki na kopo.

Binti Ujiji

Ana mche wa mwembe kwenye ndoo. Ngoja nimpigie simu sasa hivi.