Kuchanganya kadi za RAM zisizofanana kwenye kompyuta ya mezani

Mkazi wa Kisauni

Assalaam aleikum, wanajukwaa. Nina kompyuta ya mezani aina ya Dell OptiPlex 7010, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kazi yake kubwa ni kupanga kadi za mialiko ya harusi na kuchapisha stakabadhi za duka. Ina kadi moja ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 4, ya kizazi cha DDR3, iliyoandikwa PC3-10600 (alama ya kasi yake), nayo hulemewa mara tu ninapofungua picha kubwa huku kivinjari kikiwa wazi. Muuzaji mmoja wa Moi Avenue hapa Mombasa ana kadi ya gigabaiti 8, PC3-12800, ya kampuni nyingine, na bei yake iko chini mno kuliko ya wenzake. Jirani yangu ameshikilia kwamba kadi zisizofanana huunguza ubao mama. Je, naweza kuzichanganya?

Fundi wa Mwembe Tayari

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ubao mama hauungui kwa sababu kadi zimetofautiana ukubwa, kasi au kampuni. Kila kadi ina chipu ndogo inayohifadhi maelezo yake. BIOS (programu inayoiamsha kompyuta) huyasoma kompyuta inapowaka, kisha huziendesha kadi zote kwa kasi ambayo ile ya polepole inaimudu. Hiyo ya 12800, ambayo kasi yake ni 1600, itateremka hadi 1333 ya mwenzake wa 10600. Kwa kazi zako hasara hiyo hutaitambua, ilhali kutoka gigabaiti 4 hadi 12 utakuhisi siku hiyo hiyo.

Ziweke katika chaneli (njia za data kati ya RAM na prosesa) mbili tofauti. Kidhibiti cha RAM kilicho ndani ya prosesa ya Intel kitaoanisha gigabaiti 4 za kila upande, na zile 4 zinazosalia kwenye kadi kubwa zitatumia chaneli moja. Ukikuta imeandikwa PC3L, usihangaike: hiyo ni ya volti 1.35, lakini imeundwa kustahimili pia volti 1.5 za DDR3 ya kawaida. Hakikisha tu kwamba Windows yako ni ya biti 64, maana ile ya biti 32 haivuki gigabaiti 4.

Msimamizi wa mitambo, Nyali

Nakubaliana na fundi kwa sehemu kubwa, ila sishauri mchanganyiko wowote katika kompyuta inayobeba hesabu za biashara kabla haujapimwa. Kompyuta kuwaka si ushahidi kwamba RAM ni nzima, kwani kosa la biti moja linaweza kukaa kimya mpaka faili la mteja liharibike. Iendeshe MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku kucha, na ikionyesha hata kosa moja, pima kila kadi peke yake. Kabla ya hapo, zisugue taratibu pini za kadi ya zamani kwa kifutio cha penseli. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na mashine zinazokaa karibu na dirisha.

Kinachonitia shaka ni hiyo bei. Gigabaiti 8 za DDR3 zikiuzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi zimetoka kwenye seva. Tazama herufi inayofuata namba 12800.

Mkazi wa Kisauni

Nimerudi dukani nikaisoma lebo: 8GB 2Rx4 PC3-12800R. Muuzaji anasema kwamba haina shida, kwa kuwa inaingia kwenye soketi bila kulazimishwa.

Fundi wa Mwembe Tayari

Iache. Hiyo R ya mwisho ni ya kadi za seva zenye rejista (chipu ya ziada inayopokea amri kabla ya chipu za kumbukumbu), ambazo Core i5 haiwezi kuzitumia. R iliyo katikati ya 2Rx4 ni jambo jingine, inahesabu safu za chipu. Kuingia kwenye soketi si hoja, kwa sababu DDR3 za seva na za mezani zote zina pini 240 na pengo lake liko mahali pamoja. Kompyuta itakataa tu kuwaka. Mwombe muuzaji akutafutie iliyoandikwa 2Rx8 na inayoishia na U, iwe 12800U au 10600U, kisha aijaribu mbele yako kwenye mashine kama yako kabla hujatoa pesa.