Uteuzi wa Makamu Mkuu wa Chuo: wanataaluma tunapinga utaratibu, tuanzie wapi?

Kibo_Mhadhiri
Wakuu, salaam kutoka Moshi. Tangazo la nafasi lilidai profesa kamili. Baraza la Chuo limempitisha profesa mshiriki, na kamati ya utafutaji haikuwa na hata mjumbe mmoja wa seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Chuo ni cha umma. Tupige kura ya kutokuwa na imani, tugome, au twende mahakamani?

Njiro_Sheria
Mkuu, fungueni kwanza hati idhini ya chuo, yaani waraka ulioanzisha chuo na kuweka kanuni za uongozi wake. Humo ndimo mtakuta nani anateua, nani anapendekeza, na kamati inaundwaje. Kama inataka mjumbe wa seneti na hakuwepo, mna hoja nzito. Kama iko kimya, mna manung'uniko tu. Sifa za kwenye tangazo nazo zilinganisheni na za hati.

Mgomo acheni kabisa. Sheria ya kazi ya 2004 inatoa haki ya kugoma kwa mgogoro wa maslahi, kama mishahara, na huu ni wa utaratibu. Mtajiletea mashtaka ya nidhamu, na hoja yenu itasahaulika.

Mzee_wa_Seneti
Kura haimwondoi mtu, inalisukuma Baraza. Basi ipigwe isiwe na pa kutobolewa: notisi kama katiba ya jumuiya yenu inavyotaka, akidi ihesabiwe kwa rejista yenye saini, kura ya siri, muhtasari usainiwe siku hiyohiyo. Kura za WhatsApp hazifai, maana hakuna wa kuthibitisha nani alipiga. Na azimio liseme utaratibu. Likigusa kabila au dhehebu la mtu, mmeshaharibu.

Njiro_Sheria
Halafu muda, jamani! Kibali cha kufungua mapitio ya kimahakama, yaani kuomba Mahakama Kuu ichunguze uhalali wa uamuzi, huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Mkikipata, mna siku 14 za kuwasilisha maombi yenyewe. Wengi hukwama hapa: wanaliandikia Baraza, wanasubiri jibu, miezi inakatika. Barua haisimamishi muda.

Wiki hii ombeni muhtasari wa kamati kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Wakikataa, wadaini sababu kwa maandishi, hicho ni kielelezo. Mahakama Kuu ipo hapohapo Moshi.

Mzee_wa_Seneti
Ila wenzako waelewe: mahakama haiwachagulii Makamu Mkuu. Ikitengua, mchakato unarudiwa, na jina lilelile laweza kupita kihalali.