Umepoa kiroho lakini kwaya bado unaimba? Tupeane uzoefu, wa Arusha na Moshi

mtoto_wa_kihamba
Wakuu salaam. Juzi kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba huku Old Moshi, mzee wetu mmoja aliombwa ushuhuda. Akasimama, akaanza kama kawaida yake: "Niliokoka mwaka 1984..." Kijana wa kipaimara akamwambia kwa adabu kabisa, "Babu, hiyo tunaijua. Ya mwezi huu je?" Mzee akakaa. Kikombe cha chai kikawa kinagongana na kisosi mkononi mwake, na sisi wengine wote tukainamisha vichwa, maana ya mwezi huu hakuna aliyekuwa nayo. Mwenyekiti wa mtaa akaokoa jahazi kwa pambio.

Tatizo ni kwamba huoni dhambi ya kuitaja. Ibada ya kwanza unafika, bahasha umetoa, kwenye mnada umepandisha bei ya mkungu wa ndizi, umerudi kula mtori. Samsoni naye aliamka akijua nguvu zipo, kumbe Bwana alishamwacha (Waamuzi 16:20). Wewe ulijuaje umepoa? Na ulifanyaje?

Binti Tengeru
Kwangu ilikuwa kwaya yenyewe. Nimesimama mbele naimba habari za msalaba, machozi ya waumini yanatoka, mimi kichwani nahesabu nani hajalipa hela ya kitenge cha sare. Nikaomba mapumziko, nikawa nakaa benchi la nyuma nasikiliza tu kama mgeni. Mwalimu wa kwaya alininunia mpaka Pasaka.

Sanawari Juu
Hapo kwenye kitenge umenigusa pabaya 😂

Mlutheri Sugu
Watu wakisikia "vuguvugu" wanawaza hisia tu. Angalieni Laodikia yenyewe, kanisa lililoambiwa hivyo kwenye Ufunuo 3. Jirani zao Hierapoli walikuwa na chemchemi za moto, Kolosai wakawa na maji baridi ya kunywa. Laodikia maji yalifika kwa mabomba, yakiwa ya kutapisha. Na ulikuwa mji wa wenye hela: tetemeko la mwaka 60 liliubomoa, wakajijenga wenyewe bila kuomba msaada Roma. Ndiyo maana kwenye Ufunuo 3:17 wanasema hawana haja ya kitu. Sasa nikiona usharika umemaliza jengo, vigae vinang'aa na vyombo vya muziki ni vipya, naanza kuogopa.

Kiborloni Mitumba
Mkuu mbona pale chemchemi ya Chemka maji ni vuguvugu na watu wanalipa kiingilio?

Mlutheri Sugu
Kunywa basi hayo ya Chemka uje utuambie.

Apolo Mstaafu
Sikutaka kuandika, huyo babu wa kikombe ndiye amenifanya niandike.

Nilikuwa Mererani kwenye tanzanaiti, mwana-Apolo, yaani mchimbaji. Kabla ya kushuka tulikuwa tunaomba mdomoni mwa shimo, kofia mkononi, na mimi ndiye niliyeongoza. Waliniita Mchungaji. Mgodi usipotema, yaani usipotoa mawe, sala ilikuwa ndefu, wengine wanalia kabisa. Ukaanza kutema. Kwanza tukaacha wimbo, maana bosi anaangalia saa. Kisha Neno. Mwisho nikawa nasema "Bwana tutangulie" mguu mmoja uko tayari kwenye ngazi. Halafu hata hiyo ikapotea, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi. Jina la Mchungaji likabaki vilevile.

Machi 2008, Ijumaa ya wiki iliyofuata Pasaka. Zamu ya usiku ilikuwa yangu, tumbo likanishika, jamaa mmoja wa Singida akanishikia. Nikamwambia kesho nitamlipia chai. Usiku ule mvua ilinyesha ambayo aliyekuwepo haisahau, maji yakaingia mashimoni. Makumi ya watu walikufa migodini kule, waliokuwepo wanajua.

Asubuhi tumesimama juu, shimo limejaa tope, mtu akaniambia, "Mchungaji, omba." Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilichokuwa nacho ni "tutangulie" tu, na nikaona haya kukitamka mbele ya lile shimo. Aliyeomba ni mama muuza chai, kwa Kiiraqw. Mimi sikielewi. Watu wote walivua kofia.

Kiborloni Mitumba
Dah. Na yule wa Singida?

Apolo Mstaafu
Alitolewa baadaye. Msiniulize zaidi ya hapo.

Binti Tengeru
Pole sana kaka yangu.

Jeshi la Shambani
Mnaona? Walipoacha sala ulinzi ukaondoka. Mungu alimtoa huyu kwa sababu alikuwa wake.

Sanawari Juu
We ndugu, hebu acha! Kwa hiyo wa Singida hakuwa wake? Soma Luka 13:4, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu aliulizia hilohilo na akajibu "Sivyo."

Jeshi la Shambani
Na mstari wa 5 umeurukia wapi? "Msipotubu..." Ninyi wa madhehebu mnapenda nusu ya andiko.

Sanawari Juu
Wa 5 ni wako wewe unayeandika hapa, marehemu hayumo. Na mlokole wa kukesha kila Ijumaa halafu Jumamosi hasalimiani na jirani, huyo naye moto?

Mlutheri Sugu
Aliyewasha jiko la kukesha ni nani tena? Tulikuwa kwenye kupoa.

mtoto_wa_kihamba
Wakuu, mwenye uzi naomba. Apolo ameeleza yake, tusimpandie mgongoni kuhubiriana.

Bibi wa Marangu
Wajukuu, mama yangu alikuwa wa fellowship, ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Wakikutana hawakuulizana uliokoka lini. Waliulizana leo uko vipi na Yesu, na ukisema "salama tu" wanakukalia hapo hapo mpaka useme kweli. Kutembea nuruni, walikuwa wanasema. Sisi watoto tulikuwa tunakimbilia migombani maana mama akishatubu lazima aje kutuomba msamaha, na msamaha wenyewe unaishia kutukumbusha viboko. Tafuta mtu mmoja wa kukuuliza hivyo. Asiwe mume wako.

Kiborloni Mitumba
Kwa nini asiwe mume bibi? 😂

Bibi wa Marangu
Olewa utajua.

Mlutheri Sugu
Mimi nasema amka saa kumi na moja alfajiri, sura moja, basi.

Jeshi la Shambani
Funga siku tatu kavu.

Sanawari Juu
Mwenye vidonda vya tumbo asimsikilize huyo. Nenda hospitali ya KCMC saa ya kuona wagonjwa, kaa na asiye na mtu wa kumletea uji. Utaomba bila kulazimishwa.

Kiborloni Mitumba
Badili njia ya kurudi nyumbani, isipite Kwa Mrombo kwenye baa na nyama choma.

Mama Mapacha
Hao wa saa kumi na moja mna watoto wadogo ninyi? Mimi saa hiyo mmoja ananyonya, mwingine analia, baba yao anakoroma.

Binti Tengeru
Dada, weka Biblia kwenye mto, mistari kidogo kila unaponyonyesha. Usihesabu sura.

Mama Mapacha
Zaburi gani sasa?

Bibi wa Marangu
119. Ina mistari 176. Mimi niliianza mtoto hana jino, nikaimaliza ananing'ata.