Naomba ushauri: rafu ya mbao kwenye buti la SUV bila kutoboa gari

Mpima_Mipaka

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni mpima ardhi, na buti la gari langu ndiyo stoo yangu. Humo kuna sanduku la totali stesheni, yaani chombo cha kupimia pembe na umbali (kimo cha sanduku sm 27), tripodi yake ya miguu mitatu ambayo ikikunjwa ina sm 105, fimbo ya prizimu (kioo ambacho chombo hukilenga), mfuko wa vigingi vya chuma, nyundo ya kilo 5, panga, dumu la maji na bomba la ramani. Vyote vimelala sakafuni. Nikitaka nyundo lazima kwanza nilihamishe sanduku, na sanduku lile silipendi kabisa lihamishwe-hamishwe. Chombo kikigongwa, usahihi unapotea, halafu nashinda nasoma pembe nisizoziamini.

Nataka rafu moja tu, niitengeneze mwenyewe. Nina msumeno wa mkono, drili na muda wa mwisho wa wiki. Vipimo vya buti: kati ya matao ya magurudumu ni sm 100, ila nyuma ya matao, karibu na mlango, panapanuka hadi sm 122. Kutoka mgongo wa siti hadi mlangoni ni sm 90. Kutoka sakafuni hadi juu ya mgongo wa siti ni sm 55. Siti za nyuma hukaa wasaidizi wangu wawili, kwa hiyo hazikunjwi kamwe.

Ninachoomba kujua: plaiwudi ya mm 12 itapinda? Ya mm 18 naihofia kwa uzito. Je, niweke mguu katikati? Na niifunge wapi bila kutoboa bati la gari?

Fundi_Randa

Mkuu, umefanya vizuri kutoa vipimo. Wengi huja na "gari langu ni kubwa" halafu wanataka mchoro.

Nianze na hao wasaidizi wawili, maana ndio watakaoamua rafu hii ijengweje. Gari likiwa kwenye mwendo wa km 50 kwa saa likagonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya takribani mara 20 ya uzito wake. Nyundo yako ya kilo 5 itausukuma mgongo wa siti kama mzigo wa kilo 100. Rafu yenyewe, ikiwa haijafungwa, itafuata. Kwa hiyo nyundo, vigingi na dumu vikae chini sakafuni, vikiwa vimeugusa kabisa mgongo wa siti, visipate nafasi ya kuanza mbio. Juu ya rafu weka vyepesi tu, na visipite kimo cha mgongo wa siti. Hilo la kimo naomba usilegeze hata siku moja.

Sasa mbao. Ugumu wa plaiwudi dhidi ya kupinda unaongezeka kwa kadiri ya unene × unene × unene. Ya mm 18 ni ngumu kuliko ya mm 12 zaidi ya mara tatu, wakati uzito umeongezeka mara moja na nusu tu. Kwa hesabu hiyo ungesema nunua ya 18. Mimi sisemi hivyo. Ubao wa sm 98 kwa 85 wa mm 18 unakaribia kilo 10, wa mm 12 ni kama kilo 6 na nusu, na ipo njia ya kuupa ule mwembamba ugumu kwa kitu chepesi: kipande cha mbao ngumu cha mm 20 kwa 40, kisimamishwe kwa ubavu wake mwembamba, kigundishwe na kukazwa skrubu kwenye ukingo wa ubao. Kimoja tu, kikiwa kimesimama hivyo, kinaongeza ugumu zaidi ya maradufu. Weka mbele na nyuma, na mguu wa katikati hauhitajiki tena.

Mafundi wengi huweka vipande hivyo chini ya ubao. Wewe viweke JUU. Ukiviweka chini vinakula sm 4 za nafasi, na sanduku lako la sm 27 linakwaruzwa kila likiingia. Vikiwa juu vinafanya kazi ileile ya kuzuia kupinda, na papo hapo vinakuwa kingo: bomba la ramani haliserereki hadi mlangoni ukipanda mlima. Ninapenda sana kipande kimoja cha mbao kinapofanya kazi mbili.

Nyuzi za tabaka la juu la plaiwudi zielekee kushoto-kulia, yaani zifuate ule urefu wa sm 98 usio na nguzo. Ukizigeuza umepoteza sehemu kubwa ya ugumu ulioununua.

Kabla ya kukata chochote, tengeneza kielelezo cha katoni. Kuta za buti hazijanyooka, zina matumbo na vifuniko. Pima upana chini, kisha pima tena kwenye kimo ambacho rafu itakaa. Funga mlango wa nyuma taratibu katoni ikiwa ndani, maana kioo cha mlango huinamia mbele na mara nyingi ndicho kinachogusa kwanza.

Swali langu: ukifika eneo la kazi, kipi hutoka kwanza?

Gia_ya_Tano

Habari ndugu. Mimi ni fundi magari, mbao nawaachia wenyewe.

Usiikaze rafu kwenye kile kifuniko cha sakafu ya buti. Kwenye magari mengi ni ubao laini uliofunikwa kapeti, haubebi nguvu yoyote ya kuvuta. Fungua kitabu cha gari utafute ndoano za kufungia mzigo, kwa kawaida ziko nne kwenye pembe za buti, na vitabu vingi huandika kila moja inahimili uzito gani. Hizo zimeshikwa kwenye bati la mwili wa gari. Kutoboa umekataa mwenyewe, na umekataa jambo sahihi: chini ya bati hilo kunaweza kuwa na tangi la mafuta, paipu za breki au nyaya.

Tazama pia tairi la akiba. Kama liko chini ya sakafu ya buti, pancha ikitokea utaiondoa rafu ukiwa peke yako, pengine mvua inanyesha. Ijenge iweze kutoka kwa dakika chache. Jeki na spana ya magurudumu zisikae nyuma ya shavu la rafu (ubao wa pembeni unaosimama) mahali mkono haufiki.

Na kama gari ni la mfumo wa haibridi, chunguza matundu ya hewa ya betri pembeni mwa siti ya nyuma au ndani ya buti. Usiyazibe kwa mbao wala kwa mzigo, betri hupozwa kwa hewa inayopita hapo.

Bomba_la_Mraba

Mimi ningechoma fremu ya chuma, bomba la mraba la mm 25 lenye unene wa mm 1.5. Mita moja ina takribani kilo 1.1. Haipindi, haivunjiki, unalaza plaiwudi nyembamba juu, kazi imekwisha.

Fundi_Randa

@Bomba_la_Mraba fremu hiyo ni imara, sina ubishi. Lakini ukijumlisha miguu na viunganishi unafika mita 8, karibu kilo 9 kabla hujaweka ubao, na ndugu yetu hana mashine ya kuchomelea. Kwa mizigo mepesi ya juu, mbao inatosha.

Mpima_Mipaka

Asanteni sana. Nimetazama, ndoano ni nne, kitabu kinazitaja. Tairi la akiba liko chini ya sakafu kweli. Gari si haibridi.

@Fundi_Randa tripodi ndiyo hutoka kwanza, siku zote. Inasimamishwa, inasawazishwa juu ya alama, ndipo sanduku linafunguliwa. Shida yangu ni hiyo hiyo tripodi: sm 105 hazilali kwa upana kati ya matao, na nikiilaza kishazari inapita juu ya kila kitu.

Fundi_Randa

Basi tripodi ikae mlangoni, kwenye ule upana wa sm 122. Jibu lako lilikuwa kwenye vipimo vyako mwenyewe.

Mashavu ya rafu, yaani zile mbao mbili za pembeni zinazosimama, zisifike hadi nyuma. Ziishie pale matao yanapoishia, tuseme sm 65 kutoka kwenye siti. Ubao wa juu uendelee sm 20 zaidi, ukining'inia. Chini ya hizo sm 20 tripodi inalala kwa upana bila kuguswa na shavu lolote. Unafungua mlango, unaichukua, na nyuma yake sanduku liko wazi mbele yako. Ifunge kwa mkanda mfupi wenye kifungo ili isikuangukie mguuni ukifungua mlango ukiwa umeegesha kwenye mteremko.

Sehemu inayoning'inia inahitaji mikono ya kuishika. Ongeza vile vipande vya mm 20 kwa 40 pembeni pia, juu ya ubao, vikitoka siti hadi mlangoni bila kukatwa. Unapata kingo pande zote nne. Hata hivyo usiweke dumu wala usikalie pale ukingoni.

Kimo: upande wa chini wa ubao uwe sm 30 kutoka sakafuni. Sanduku linaingia na sm 3 za vidole zinabaki. Juu zinabaki kama sm 23 hadi kufikia kilele cha mgongo wa siti, tosha kwa ramani, makoti ya mvua na fimbo ya prizimu ikiwa sehemu zake zinatengana.

Kwenye maungio usipige skrubu kwenye ubavu wa plaiwudi, matabaka yanaachana. Weka kipande cha mbao cha sm 4 kwa 4 kwenye kila kona ya ndani. Kigundishe kwenye shavu na kukikaza kwa skrubu za mm 4, ukitanguliza tundu la mm 3. Kati ya kipande hicho na ubao wa juu usitie gundi. Tumia bolti za mm 6 zenye washa pana na nati zenye plastiki ndani, maana mtikisiko wa barabara mbovu hulegeza nati za kawaida. Kwa njia hiyo tairi likihitajika unafungua bolti, rafu inatoka kwa vipande. Upande wa siti, unganisha mashavu kwa ubao wa kimo cha sm 10 ili rafu isilale ubavu kwenye kona. Huo nao uwe wa bolti.

Kufunga: toboa matundu mawili kwa kila shavu, chini, karibu na sakafu, na uyalainishe kwa msasa. Pitisha mikanda ya recheti (yenye kifaa cha kukazia) hadi kwenye ndoano. Ile miwili ya upande wa mlango ndiyo ya muhimu, kwa sababu breki kali hutupa mzigo mbele. Ivute rafu kuelekea chini NA kuelekea mlangoni. Mkanda unaovuta chini peke yake unaacha rafu iteleze. Kaza tena baada ya kilomita chache za kwanza, kapeti hubonyea.

Vanishi anza na kingo, ndiko plaiwudi inakonyonya maji. Chini ya mashavu gundisha vipande vya mpira.

Mpima_Mipaka

Nimeelewa yote. Moja tu: mgongo wa siti zangu umegawanyika mara mbili, kubwa na ndogo. Vitu vizito niviegemeze upande upi?

Gia_ya_Tano

Vitandaze pande zote mbili, usirundike kwenye kile kipande kidogo. Na kila unapopakia, vuta migongo yote miwili kwa mkono kuhakikisha imejifunga kwenye kufuli zake. Mgongo usiojifunga hauzuii kitu.

Mpima_Mipaka

Sawa mkuu. Katoni ninazo, kesho naanza na kielelezo. Nitaleta picha.